Kusuka Maziwa: Kutoka Kibuyu cha Usukuma hadi Povu la Kahawa

Katikati ya miaka ya 1980, nikiwa mwalimu kijana niliyetoka chuo cha ualimu karibuni, nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari huku Usukumani. Jioni moja nilisahihisha insha za kidato cha pili zilizohusu asubuhi ya nyumbani. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba alipoamka alimkuta mama yake anasuka maziwa. Nililikata neno "anasuka" kwa wino mwekundu, nikaandika juu yake "anakoroga", na pembeni nikaongeza maneno matatu: athari za Kisukuma. Kisha nikampunguzia alama mbili.

Sikulikumbuka jambo hilo kwa miaka mingi. Lililonikumbusha ni mashine ndogo ya kahawa. Binti yangu, ambaye amefanya kazi Mwanza kwa muda, alikuja likizo hapa Bariadi na kijimashine cha kutengenezea espreso, chenye mrija mwembamba pembeni unaotoa mvuke. Kahawa yenyewe ilitoka vizuri. Tatizo lilikuwa maziwa. Alimimina maziwa kiasi cha robo ya kikombe kwenye kijagi, akazamisha mrija, akafungua mvuke. Maziwa yaliunguruma, yakaruka, yakachemka kabla hata hajajua yamefika wapi, na juu yake pakabaki viputo vikubwa kama vya sabuni ya kufulia, ambavyo vilipasuka vyote kabla kikombe hakijafika mezani.

"Baba," akaniuliza, "wewe ni mwalimu wa Kiswahili. Kitendo hiki tunakiitaje? Na lile povu laini linalotakiwa lina jina gani?"

Nilinyamaza. Ndipo neno nililolikata kwa wino mwekundu likanirudia. Makala haya ni jibu langu kwa binti huyo, na kwa mwanafunzi yule pia. Nitaeleza historia fupi ya jinsi maziwa yalivyotikiswa, yalivyopashwa moto na yalivyotiwa hewa, tangu kibuyu cha bibi zetu hadi mrija wa mvuke, na maneno yaliyosafiri pamoja nayo.

Maziwa, kiwele na mabele

Tuanze na jina lenyewe. Kiswahili kina neno maziwa kwa kinywaji hiki, na neno hilohilo ni wingi wa ziwa, liwe ziwa la mama au ziwa la maji. Ndugu zetu wa Wilaya ya Busega, wanaoishi ukingoni mwa Ziwa Victoria huku wakifuga ng'ombe, wanayo maziwa kwa maana zote. Washairi hawahitaji kufundishwa namna ya kuitumia jinasi hiyo.

Kisukuma huyaita maziwa mabele. Msomaji wa pwani anaweza kudhani kuwa hilo ni neno la mbali lisilomhusu, na huenda akalichanganya na mawele, ambayo ni nafaka. Lakini alitazame neno kiwele, ile sehemu ya ng'ombe iliyobeba chuchu. Shina la kiwele na shina la mabele ni moja, la Kibantu cha kale, lililobeba maana ya titi na maziwa. Sauti b ya Kisukuma imelainika kwa Waswahili ikawa w, kama ambavyo banhu wa Kisukuma ni watu wa Kiswahili. Kwa hiyo Msukuma anapotaja maziwa na Mswahili anapotaja kiwele, wanatamka masalia ya neno moja la mababu zao.

Naitanguliza habari hii kwa sababu inalegeza ukuta ambao mimi, kama walimu wengi wa kizazi changu, niliujenga darasani. Tulifundishwa kuwa lugha za nyumbani ni chanzo cha makosa. Tulisahau kwamba mara nyingi ni ghala la yale ambayo Kiswahili chenyewe kinayo.

Neno lenye maana mbili

Sasa tuje kwenye kitenzi. Kamusi ya Frederick Johnson, iliyochapishwa mwaka 1939 na ikawa msingi wa Kiswahili sanifu kwa vizazi viwili, inalipa neno suka maana mbili. Ipo maana ya kusokota na kufuma, inayotupa kusuka nywele, kusuka ukili, kusuka mkeka. Na ipo maana ya kutikisa huku na huku, na katika maana hiyo maziwa husukwa. Nililiona jambo hilo nilipokuwa nakaribia kustaafu, nikitafuta neno lingine kabisa. Nilikaa na kamusi ile mapajani kwa muda mrefu. Neno nililolikata nikidhani ni Kisukuma lilikuwa Kiswahili cha vitabuni tangu kabla sijazaliwa. Mwanafunzi alikuwa amelitumia mahali pake hasa, na mwalimu wake hakulijua.

Hata neno mtindi lina historia inayofanana. Leo tunalitumia kwa maziwa mgando ya aina yoyote, hata yale yaliyofungwa kwenye pakiti dukani. Katika kamusi za zamani mtindi uliambatana na kazi ya kusuka: ni maziwa yaliyokwisha kutikiswa kibuyuni. Kitendo kilipoanza kutoweka majumbani, jina lilibaki likihama na kutafuta kitu kingine cha kuning'inia.

Wale ambao hawakukulia katika boma la ng'ombe wanisamehe nikieleza kazi yenyewe. Maziwa ya siku mbili au tatu huwekwa kibuyuni yakaganda. Asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, mama huketi kwenye kigoda, akakilaza kibuyu mapajani au akakitundika kwa kamba, akaziba mdomo wake, kisha akakisukuma na kukivuta. Mwanzoni sauti ni nyepesi, ya kitu cha majimaji. Baada ya dakika chache hujaa povu, na sauti hufifia kana kwamba kibuyu kimejazwa pamba. Anayejua kazi hakomei hapo. Huendelea hadi povu linapovunjika ghafla na sauti kugeuka kuwa nzito, yenye vishindo. Hapo siagi imejitenga.

Kilichotokea ndani ni hiki. Maziwa yana chembechembe za mafuta, kila moja imefungwa katika ngozi nyembamba sana. Yanapotikiswa, hewa huingia na kutengeneza viputo, na protini za maziwa hujitandaza kuzunguka kila kiputo na kukishikilia. Hilo ndilo povu. Mtikiso ukiendelea, zile ngozi za mafuta huchanika, mafuta hugandamana, viputo hukosa mshiko na povu huanguka. Povu na siagi, kwa hiyo, ni vituo viwili vya safari moja. Mama zetu walipita kituo cha kwanza wakielekea cha pili. Mpenzi wa kahawa hushukia cha kwanza.

Na kwa nini asubuhi mapema? Kwa sababu kukiwa na joto kali siagi hulainika na kutawanyika, haishikani vizuri. Kulikuwa na kipimajoto katika mikono ya wanawake wale, ingawa hakikuwa na namba.

Kutoka debe hadi kikombe

Siagi ile haikukaa siku nyingi. Iliyeyushwa motoni, maji yakaondoka, ikabaki samli. Jina hilo lina asili ya Kiarabu, samn, na linatukumbusha njia ambazo bidhaa hiyo ilipita. Maziwa hayawezi kusafiri kutoka Bariadi hadi pwani kwa miguu bila kuharibika, lakini samli inaweza. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ilihimiza utengenezaji wa samli katika Kanda ya Ziwa, na wenye maduka wa Kihindi waliinunua kwa madebe.

Hebu tufanye hesabu kidogo, kwa kuwa mwalimu haachi chaki hata akistaafu. Debe ni takriban lita 18. Debe la samli lina uzito wa zaidi ya kilo 16. Maziwa ya ng'ombe wetu wa kienyeji yana mafuta ya takriban asilimia 5, kiwango cha juu kuliko cha ng'ombe wengi wa kisasa wanaofugwa kwa wingi wa maziwa. Hata kama hakuna tone lililopotea, debe moja lilihitaji zaidi ya lita 300 za maziwa. Historia ya maziwa ya Usukuma katika biashara ilikuwa historia ya wingi: kibuyu kikubwa, debe, mzigo.

Kidogo kilikuja na chai. Chai ilipoenea vijijini katika karne ya ishirini, pamoja na sukari iliyonunuliwa kwa fedha za pamba, maziwa yalipata kazi mpya. Hayakusukwa tena, yalichemshwa pamoja na majani ya chai. Chai ya maziwa ikawa heshima ya mgeni, na chai ya rangi ikawa ya siku ambazo ng'ombe wamekauka. Anayelijua Simiyu katika miezi ya kiangazi, wakati malisho yamekuwa vumbi, anajua kuwa kikombe kimoja cha maziwa si jambo dogo. Mama aligawa maziwa kwa kata, na mara nyingi kata hiyo haikujaa.

Kahawa ilikuja kwa njia nyingine. Pwani iliijua tangu zamani kwa mikono ya Waarabu, na maneno yake yalibaki: kahawa yenyewe, buni, na mdila, lile birika la shaba linalokaa juu ya makaa huku muuzaji akigonganisha vikombe. Kahawa hiyo hunywewa chungu, haitiwi maziwa. Bukoba, magharibi mwa ziwa letu, Wahaya walikuwa wakitafuna kahawa muda mrefu kabla ya mtu kuwafundisha kuinywa. Kilimanjaro ikawa nchi ya kahawa ya mauzo, na chama cha ushirika cha KNCU kikaanzishwa mwaka 1933. Simiyu haina mvua wala miinuko ya kahawa. Sisi ni watu wa pamba, mtama na ng'ombe. Kahawa iliyotufikia nyumbani ilikuwa hasa ile ya unga kutoka kiwanda cha TANICA cha Bukoba, Africafé, kijiko kimoja ndani ya maziwa ya moto. Ndivyo tulivyokunywa walimu wengi usiku wa kusahihisha mitihani.

Mvuke wa Italia

Wakati bibi zetu wakisuka vibuyu, huko Italia watu walikuwa na tatizo la haraka. Kahawa ilichukua dakika kadhaa kuandaliwa, na wateja walikuwa wengi. Mwaka 1884, Angelo Moriondo wa Turin alipata hataza ya mashine iliyotumia mvuke kusukuma maji katika kahawa kwa wingi. Mwaka 1901, Luigi Bezzera wa Milan alipata hataza ya mashine iliyotoa kikombe kimoja kimoja kwa kila mteja. Desiderio Pavoni aliinunua haki hiyo na kuanza kuitengeneza kwa biashara, akaipeleka katika maonyesho makubwa ya Milan mwaka 1906.

Mashine hizo zilikuwa maboila makubwa ya kusimama, yaliyojaa mvuke wenye kanieneo. Mvuke uliozidi ulihitaji pa kutokea. Mrija ulioutoa ukageuka kuwa chombo: uuzamishe katika jagi la maziwa, nao utayapasha moto na kuyapulizia hewa kwa wakati mmoja. Hivyo kazi mbili ambazo kwetu zilikuwa mbalimbali, kupasha moto na kusuka, zikaunganishwa katika mrija mmoja.

Kinywaji kilichozaliwa hapo kinaitwa kapuchino. Jina lake latokana na rangi ya kahawia ya joho la watawa Wakapuchini, nao waliitwa hivyo kwa sababu ya kofia ya joho lao, ambayo kwa Kiitalia ni cappuccio. Vienna ilikuwa na kahawa ya maziwa yenye jina la watawa hao kabla ya mashine hizi kuwapo. Kwa Watanzania neno hilo si geni hata kidogo. Wakapuchini kutoka Uswisi walifika Tanganyika mwaka 1921 kuendeleza misheni za Dar es Salaam baada ya Wabenedikti wa Kijerumani kuondolewa kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza. Wazee wa Kikatoliki walilitamka jina hilo kanisani miongo mingi kabla wajukuu wao hawajaliona kwenye orodha ya vinywaji mgahawani.

Kuna kisa kingine ambacho mpenzi wa lugha atakipenda. Achille Gaggia wa Milan aliomba hataza mwaka 1938, na baada ya Vita Kuu ya Pili akaanza kuuza mashine iliyotumia springi na wenzo kusukuma maji kwa kanieneo kubwa mara nane au tisa ya ile ya hewa. Kahawa iliyotoka ilikuwa na utando wa povu la dhahabu juu yake. Watu walilitilia shaka povu lile; lilionekana kama uchafu. Gaggia hakuliondoa. Alilipa jina, crema caffè, yaani kahawa yenye krimu, akalitangaza kama fahari. Tangu hapo mnywaji huliona povu hilo likikosekana akalalamika. Jina lilikitoa kitu katika aibu na kukipa heshima. Mimi, kwa wino wangu, nilifanya kinyume chake.

Ugumu wa kidogo

Sasa turudi kwa binti yangu na robo ya kikombe. Kwa nini maziwa machache ni magumu kuliko mengi? Mashine ile ilizaliwa katika mabaa yenye wateja wengi, ambako jagi hujaa. Mvuke ukiingia katika maziwa mengi, joto hupanda polepole na mtu hupata muda wa kutia hewa kwanza, kisha kuichanganya. Maziwa yakiwa machache, gramu 100 au pungufu, joto hupanda kwa sekunde chache. Yanafika nyuzi 60 kabla hewa haijapata nafasi ya kugawanyika katika viputo vidogo. Yakivuka nyuzi 70, ladha hugeuka kuwa ya maziwa yaliyochemshwa na povu hudhoofika.

Mvuke nao ni maji. Ili kupasha gramu 100 za maziwa kutoka nyuzi 5 hadi 60, karibu gramu 9 za mvuke hugeuka maji humo humo ndani. Hicho ni kiasi kinachovumilika. Lakini ndani ya mrija kuna maji yaliyolala tangu mashine ilipopoa, nayo yakiingia katika maziwa machache yanaonekana na kuonjeka. Ndiyo sababu mrija hufunguliwa kwanza nje ya jagi hadi utoe mvuke mkavu.

Kisha kuna jambo la Bariadi hasa. Binti yangu alitumia maziwa yaliyokaa mezani, na mchana wetu hufika nyuzi 28 au 30. Katika joto hilo mafuta ya maziwa yapo nusu yabisi nusu kimiminika, hali ambayo huvunja viputo kwa urahisi. Maziwa baridi hutoa povu jema, na maziwa ya moto hutoa povu jema. Ya uvuguvugu wa mezani ndiyo mabaya kuliko yote. Mama zetu walilijua jambo hili upande wa pili wake: uvuguvugu wa wastani ndio unaoivunja ngozi ya mafuta na kuleta siagi.

Zaidi ya hayo, maziwa yetu husafiri kwa bodaboda katika madumu, juu ya barabara zenye mashimo. Yanasukwa njiani bila mtu kukusudia. Mafuta yaliyochanika hushambuliwa na vimeng'enya vilivyomo katika maziwa mabichi, na asidi zinazotokana na hayo ni adui wa povu. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri yakafika saa nne yakiwa yametikiswa kilomita nyingi huenda yakakataa kuumuka hata mbele ya mashine ya Milan. Dawa ni kuyachemsha mapema. Kuyachemsha ni lazima kwa sababu nyingine pia, kwani maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe.

Tulijaribu kwa siku tano. Hatimaye utaratibu uliotufaa ulikuwa huu. Tulichemsha maziwa mara tu yalipofika, tukayapoza, tukaondoa malai yaliyoelea juu, tukayaweka kwenye jokofu usiku kucha. Asubuhi tulichukua kikombe kirefu chembamba cha chuma badala ya jagi pana, ili maziwa machache yapate kina. Tulitoa maji ya mrija kwanza. Tuliweka ncha ya mrija juu kabisa ya maziwa kwa sekunde mbili au tatu tu, mpaka sauti kama ya karatasi inayochanwa ilipokoma, kisha tukauzamisha kidogo pembeni ili maziwa yazunguke. Kikombe kilipokuwa cha moto kiasi cha kutovumilika mkononi, tulifunga. Povu lilikuwa jororo, linang'aa, limeungana na maziwa.

Siku ya sita umeme ulikatika.

Binti aliiangalia mashine, akaniangalia mimi. Nikachukua chupa tupu ya jamu, nikamimina ndani yake maziwa baridi yasiyofika theluthi, nikafunga kifuniko, nikaketi kwenye kigoda na kuanza kutikisa. Mkono haujasahau. Sauti ilianza nyepesi, ya majimaji, halafu ikafifia kama chupa iliyojaa pamba. Nilisimama hapo hapo, katika kituo cha kwanza. Maziwa yalikuwa yameongezeka karibu maradufu. Tuliyapasha moto taratibu kwenye sufuria ndogo juu ya mkaa, tukayamimina juu ya kahawa ya unga. Hayakuwa kama ya mashine. Viputo vilikuwa vikubwa kidogo. Lakini povu lilisimama hadi tulipomaliza kunywa.

Jibu la binti

Nikampa jibu alilolisubiri kwa juma zima. Mrija ule tuuite mrija wa mvuke. Kitendo cha kutumia mvuke tukiite kupuliza maziwa, kwa kuwa ndivyo sikio linavyosikia. Povu linalotakiwa tuliite povu jororo, litofautiane na povu la viputo ambalo ni la sabuni, na pia na povu la siku hizi ambalo vijana husema limemtoka mtu anapobishana kwa hasira. Na kuyatikisa maziwa chomboni, kiwe kibuyu, dumu au chupa ya jamu, kuna jina tayari. Ni kusuka.

Wengine watasema kwamba neno la kazi inayotoweka lina haki ya kutoweka nayo. Siafiki. Mkoa wetu wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, umejaribu kuipa maziwa nafasi mpya. Meatu kilianzishwa kiwanda kidogo cha kusindika maziwa katika mpango wa kila wilaya kuwa na bidhaa yake, na Maswa ikapata kiwanda cha chaki, jambo ambalo mwalimu mstaafu hawezi kuacha kulitaja. Kazi ya maziwa haijafa hapa, imebadilisha vyombo. Wanaoingia katika kazi hiyo watahitaji maneno, nao wasipoyapata kwetu watayakopa yote, hata yale yaliyokuwa yamelala vibuyuni mwa bibi zao. Nasi washairi tutabaki tukisuka nywele na mikeka tu katika beti zetu, tukidhani neno hilo halina maana nyingine.

Naamini kila sehemu ya nchi yetu na ya jirani zetu ina maneno ya maziwa ambayo mwalimu fulani aliyakata kwa wino mwekundu. Wenye nayo wayalete, yaandikwe, kabla wanaoyajua hawajaondoka nayo.

Ama yule mwanafunzi, sijui leo yuko wapi. Ikiwa anasoma Kiswahili bado, na ikiwa maandishi haya yatamfikia, ajue kwamba sentensi yake ilikuwa sahihi. Mama yake alikuwa anasuka maziwa. Alama zake mbili namrudishia.